Paa Lenye Mashavu Mawili

Ngungu, tarehe 3 Februari

Mama Niyigena,

Nakuandikia kwenye daftari la mtoto kwa sababu karatasi nzuri zimeisha, usinicheke. Sisi tuko. Niyigena amepona kikohozi, viazi vya bonde la chini vimechanua, na yule ng'ombe wa baba yako bado anampiga teke kila anayemkamua isipokuwa wewe. Tangu mnara wa simu uanguke, lori la Mama Kyakimwa ndilo posta yetu. Linatuletea chumvi, linatuletea sabuni, na wewe unakuja ndani ya bahasha.

Barua yako ya mwisho kutoka Walikale nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili ili nielewe. Mara ya tatu nilishika kalamu nikahesabu: jina la Henri limo mara saba. Henri amesema, Henri ametengeneza, Henri hali samaki wa mto. Jina langu limo mara mbili, na mara moja ni pale juu kwenye salamu. Mimi ni mkulima, sikusomea upimaji wa ardhi Goma kama wewe, lakini kuhesabu najua.

Hiyo ndege yenu isiyo na rubani imepita hapa Jumanne na tena Alhamisi. Ni ndogo, mabawa meupe, sauti kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Watoto waliikimbilia mpaka kwenye mikaratusi. Jirani yetu Hakorimana akaniambia mbele ya watu: "Papa Niyigena, bibi yako iko anakuangalia kama uko unalima ao uko unalala." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini cheko langu halikufika tumboni.

Basi niambie wazi. Huyo Henri wa Butembo ana mke? Anakula wapi, na nani anampikia? Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua, lakini mwenye fimbo anaweza angalau kuuliza nyoka yuko wapi.

Dada yangu Uwamwezi tumbo limekuwa kubwa. Wanasema atajifungua mwezi wa tatu.

Mimi mume wako (nadhani bado),
Nzabonimpa


Walikale, tarehe 13 Februari

Mume wangu Nzabonimpa,

Nimeandika jina lako hapo juu, na nitaliandika tena hapa chini: Nzabonimpa, Nzabonimpa, Nzabonimpa. Hesabu hayo. Na hiyo "nadhani" iondoe, inaniudhi.

Henri ana mke. Anaitwa Kahambu, anauza vitenge Butembo, na akikasirika hata Henri mwenyewe hufyata mkia. Anakula kwenye mgahawa wa sokoni kama sisi sote, fufu na sombe, akilalamika kila siku. Humo ndimo alimo nyoka wako.

Sasa sikiliza kazi yenyewe, maana naona hujanielewa. Ndege za kawaida za aina hii huongozwa na mawimbi kutoka satelite. Huku kwetu mawimbi hayo yanavurugwa tangu vita, na ndege mbili za kwanza zilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa mpaka zikaangukia msituni. Hii yetu haisikilizi mawimbi yoyote, wala haitoi hata moja. Ikishaondoka hapa ni bubu na kiziwi. Hata Henri aliyeiunda hajui iko wapi mpaka ifike.

Ina dira, ina saa, inajua mwendo wake, na ina jicho tumboni. Juu ya msitu wa Walikale jicho halisaidii kitu, ni kijani tupu saa nzima. Basi inahesabu tu, kama wewe unavyotembea gizani nyumbani ukihesabu hatua mpaka mlangoni. Upepo ukiisukuma kidogo, kosa linakua. Inapotoka msituni na kuingia kwenye vilima vyetu inaweza kuwa imekosea kilomita mbili. Hapo ndipo inatafuta alama ya kwanza, kitu ambacho tumeiwekea picha yake. Ikikiona, inajisahihisha na kushuka Ngungu. Isipokiona, inazunguka mara tatu, kisha inafungua mwavuli wake na kuanguka popote ilipo.

Kuchagua alama ndiyo kazi yangu. Henri anajua mashine, lakini vilima anavijua nani? Alama zenyewe ni siri, tumetia saini, kwa sababu mtu mbaya akizijua ataziharibu. Usiniulize, hata wewe.

Unakumbuka uzazi uliopita wa Uwamwezi, tulivyombeba kwenye machela siku nzima, damu ikidondoka njiani? Nami nakumbuka. Ndiyo maana nilisimama kwenye mkutano nikasema kituo cha afya cha Ngungu kiwe cha kwanza. Ndege itaanza kubeba damu mwezi wa tatu, na mwisho wa mwezi huo mkataba wangu unaisha, nirudi.

Athanasie wako


Ngungu, tarehe 27 Februari

Athanasie,

Leo sina salamu.

Mama Kyakimwa amefika jana. Akateremsha mafuta, akakaa kwenye kiti chako, akanywa maziwa yangu, kisha akasema mbele ya Hakorimana: "Papa, nyumba yako niliiona ku bureau ya Henri! Iko mu foto kubwa, ku ukuta, juu ya meza yake. Hata kamba ya nguo inaonekana." Akacheka. Hakorimana akakohoa kikohozi cha mtu ambaye hana kikohozi.

Sasa naomba unieleze. Mwanaume anayebandika ukutani nyumba ya mwanaume mwingine anatafuta nini? Angebandika yake, ya Butembo, na vitenge vya Kahambu vikiwa kwenye kamba. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ndege ni bubu, haisemi kitu. Kama haisemi, picha yangu ilifikaje kwake? Umenidanganya, ao yeye amekudanganya wewe. Lisemwalo lipo.

Nimekaa nikafikiri. Kumbe kila ikipita, yeye yuko Walikale anatazama uani kwangu. Anaona nimevaa kaptula iliyochanika. Anaona naosha vyombo, kwa sababu mke wangu yuko kwake. Pengine anakuita: "Athanasie, njoo uone bwana wako." Pengine mnacheka wote wawili. Nina wivu, ndiyo, naandika kwa kalamu na siwezi kufuta. Usiku nasikia nyuki yule wa chupa hata wakati hayupo.

Basi nimechukua hatua. Unalijua paa letu, upande mmoja mabati meupe aliyoyaleta baba yako siku ya arusi, watu wakipiga vigelegele kana kwamba mimi nisingeweza kuezeka, na upande wa pili mabati yangu ya kutu kutoka zahanati ya zamani. "Nyumba ya mashavu mawili," ndivyo wanavyoiita mpaka leo. Nimepata turubai mbili za rangi ya majani, nimefunika shavu la baba yako na shavu langu. Juu yake nimetandaza mabua ya maharage. Kisha nikapanda kilima cha Hakorimana kutazama kazi yangu. Nyumba haipo, Athanasie. Kuna kichaka.

Mwambie Henri aangalie kichaka.

Nzabonimpa


Walikale, tarehe 9 Machi, saa tatu na nusu asubuhi

Mume wangu,

Nina dakika kumi. Muuguzi Constance ametuita alfajiri kwa foni, ile redio ya kuita ya kituo: Uwamwezi amejifungua na damu haikatiki. Wanahitaji mifuko miwili. Kisha betri yao ikazima, hatujasikia kitu tena. Henri anafunga damu kwenye sanduku pamoja na barafu, na anasema kuna nafasi ya karatasi moja. Basi leo barua yako haipandi lori. Inapanda ndege.

Tangu uniulize maswali yale sijapata barua nyingine kutoka kwako. Nasikia daraja la huko mbele limebebwa na mvua na malori yamelala njiani. Labda umenuna pia. Nakufahamu.

Nilitia saini kwamba nitanyamaza. Leo nimechoka kunyamaza, acha nikuambie. Alama ya kwanza ni nyumba yetu. Henri alitaka paa la kanisa. Nikamwambia makanisa yenye mabati mapya yako kila kilima, ndege itaingia kwa Wapentekoste. Lakini paa lenye shavu jeupe na shavu la kutu ni moja tu Masisi yetu nzima, na linatazama upande wa msitu. Tuliituma ndege mara mbili ikapiga picha, ikarudi nazo tumboni kama mtu anayerudi na habari. Ile iliyo nzuri nimeibandika ukutani mwenyewe, juu ya meza tunayofanyia kazi sote watatu, mimi, Henri na mlinzi. Karibu na zizi kuna nukta. Henri anasema ni mbuzi. Mimi najua ni wewe, umevaa ile kofia.

Itakapotoka msituni, kitu cha kwanza itakachotafuta duniani ni nyumba yetu. Ukiisikia, toka nje.

Sanduku linafungwa. Mshike mkono dada yako.

Athanasie


Walikale, tarehe 9 Machi, saa kumi jioni

Nzabonimpa,

Ndege iliondoka saa nne kamili. Barua yako ya tarehe 27 imenifikia saa tisa.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye neno kichaka nilikaa chini kwenye saruji.

Namtuma motari, dereva wa pikipiki, usiku huu huu, apite njia za milimani. Sitaki maelezo yako. Andika neno moja nyuma ya karatasi hii umpe arudi nalo: Uwamwezi yuko?

Athanasie


Ngungu, tarehe 17 Machi

Mama Niyigena,

Neno ulilotaka nilimpa motari: yuko. Sasa nakuandikia maneno mengine, uyasome ao uyachome.

Siku ile nilikuwa uani pa kituo cha afya, nimekaa kwenye jiwe. Ndani dada yangu alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha. Nikasikia nyuki. Ilikuwa mbali, juu ya kilima chetu, ndani ya mawingu. Ikazunguka mara moja. Nitakuambia ukweli wote, hata ule unaonitia aibu: nilifurahi. Nikajisemea, tafuta, Henri, tafuta mpaka macho yakuume. Ikazunguka mara ya pili. Constance akatoka mbio, mikono yake myekundu mpaka kwenye kiwiko, akatazama juu akapiga kelele: "Papa, inakuja! Ndio damu ya Uwamwezi inakuja na ile ndege!"

Sijui nilipitia wapi. Nilikata shamba la watu, nikapoteza kiatu, nikapanda kilima kile ambacho hata mbuzi hukipanda akipumzika. Nikashika kamba za turubai nikavuta kwa meno. Nilipotoa shavu la baba yako, jua likaliwakia, na juu kulikuwa kimya. Niliwapungia mkono mawingu. Niliita, Athanasie. Niliiita kama mtu anavyomwita ng'ombe.

Niliporudi kituoni Constance hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinitoboa kidole, akapima, akasema: "Inafanana. Magonjwa sina cha kupimia, ndiyo maana nilingoja ile ya ndege. Lala hapa." Akatoa mfuko mmoja kwenye mkono wangu, na wa pili kwa shemeji yetu Ngabo. Nilikuwa nimelala kando ya dada yangu nikiona damu inaondoka kwangu inaingia kwake, tone kwa tone, polepole sana. Jioni alifungua macho akaniomba chai. Mtoto yuko hai pia.

Nilidhani hapo imeisha. Kumbe hasira ni hasara, na hasara yangu ilikuwa bado njiani. Sanduku lilikuwa limeanguka vilima viwili kutoka hapa, kwenye viazi vya mama mmoja anaitwa Nyiransengimana. Damu ilikuwa imeharibika. Barua ilikuwa nzima, ila jina juu ya bahasha limefutwa na mvua. Mama wa watu akaipeleka kanisani, Jumapili, ili mwenyewe apatikane. Na unamjua katekista wetu. Baada ya matangazo ya ndoa alifungua akaisoma, kwa sauti ile yake ya kusomea Injili: "Mume wangu, nina dakika kumi."

Watu walicheka mwanzoni. Alipofika kwenye shavu jeupe na shavu la kutu, hakuna aliyecheka. Walikuwa wameiona turubai yangu siku kumi, wote. Waligeuka mmoja mmoja, mpaka na wanakwaya. Niyigena alikuwa amekaa kwenye paja langu akaniuliza kwa sauti: "Papa, ndio nyumba yetu ile?" Katekista akaendelea mpaka mwisho, mpaka kwenye kofia. Nilikuwa nimeishika mkononi, hiyo kofia.

Nilikwenda mbele nikaichukua barua. Nimeisoma nyumbani mara ngapi sikuhesabu.

Turubai nimeichoma. Paa nimelisugua kwa mchanga, mashavu yote mawili. Mwombe Henri msamaha kwa niaba yangu. Mwambie aitume tena ndege, itaona. Na wewe sijui nikuombe nini. Nilikuwa nadhani mtu mwingine ananitazama, kumbe ni wewe uliyekuwa unanitafuta.

Nzabonimpa


Walikale, tarehe 28 Machi

Nzabonimpa,

Nilipopata neno lako moja nililia mbele ya watu wote wa ofisi, na sikuona haya. Mungu ashukuriwe kwa ajili ya Uwamwezi. Mwambie nina kitenge chake.

Hapa waliniita kwa wakubwa. Waliuliza kwa nini alama niliyoichagua mimi haikuonekana. Henri alinivuta pembeni, akaninong'oneza: "Sema ni mawingu. Nani atajua?" Huyo ndiye nyoka wako, alikuwa tayari kusema uongo ili kukufichia wewe. Nilikataa. Nikaweka barua yako mezani, nikawasomea sehemu ya kichaka, nikasema aliyefunika ni mume wangu. Mkataba wangu hautaendelea. Nilikuwa nimetaka uendelee, nilikuwa bado sijakuambia.

Nami nina kosa langu, silikatai. Ningekuambia mapema, ungelisugua hilo paa kila asubuhi na kulilinda kwa mkuki. Nilikuficha kwa sababu ya saini. Lakini pia nilipenda kuwa na kitu kimoja ambacho ninyi wanaume, katika kuhesabu kwenu, hamkihesabu. Hata hivyo, ulikuwa na kalamu, Papa Niyigena. Uliona afadhali upande juu ya paa kuliko kuniuliza.

Nyumba yetu nimeitoa kwenye akili ya ndege. Nimeifuta mwenyewe, kazi yangu ya mwisho hapa. Sasa inatafuta ule mwamba mweupe juu ya malisho. Henri akauliza kwa nini mwamba. Nikamjibu kwamba mwamba hauna mume. Juzi imepeleka dawa kwa Constance bila kukosea hatua, mtakuwa mmeiona. Haikupita kwetu.

Nimesoma barua yako nikahesabu, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Jina la Henri limo mara mbili. Kofia yako imo, kiatu chako kimo, shamba la watu limo, mpaka ng'ombe. Jina la mtoto aliyezaliwa halimo. Hukuandika hata kama ni wa kike ao wa kiume.

Nitapanda lori la Mama Kyakimwa tarehe 2 Aprili. Usije kunipokea barabarani, wala usimtume mtu. Ile picha ya ukutani nimeibandua, iko hapa ndani ya Biblia yangu. Nikifika pale njia inapotokea msituni nitashuka, nitaitoa, nitaishika mbele ya macho na kuilinganisha na kilima, taratibu, kama ndege inavyofanya. Shavu jeupe, shavu la kutu, zizi, na ile nukta.

Vikifanana, nitapanda kilima kuja nyumbani. Visipofanana, lori linaendelea mpaka kwa mama yangu, na Mama Kyakimwa ameshakubali kusubiri.

Athanasie